Wanaume Wasubiri Nje

Daktari alivua glavu, akazitupa kwenye ndoo. "Haya, vaa suruali."

Mchukuzi wa magunia alifunga mshipi, jasho likimtiririka. Alikuja kwa ajili ya uzito tu, ule unaomvuta korodani ya kushoto kila atuapo mzigo. "Ni ngiri?"

"Si ngiri. Mishipa ya damu imevimba juu ya korodani, imejikunja kama mafundo ya kamba. Damu inatuama, joto linapanda, mbegu zinapungua. Una watoto?"

"Sina. Miaka tisa ya ndoa."

"Basi huenda hii imechangia. Ungepimwa mapema, ni upasuaji mdogo tu. Wengine hupata watoto."

Miaka tisa. Mkewe alikunywa kila mzizi uliochemshwa. Mama mkwe alimwita gogo. Mawifi wakaimba jikoni, jembe zima, shamba kame. Hospitali hii hii ilimpasua mara mbili kuzibua mirija ya uzazi. Mara ya pili kidonda kikaoza, akatoka amefunikwa shuka. Na mume? Langoni, kwenye benchi, chini ya kibao: WANAUME WASUBIRI NJE. Waliokipigilia hawakuwahi kulikalia benchi lile. Yeye alisubiri kweli, bwege yule.

"Daktari, niandikie. Nataka mama yangu asomewe kwamba mke wangu hakuwa gogo."

"Nenda dirisha la mafaili."

Karani alikuwa anatafuna karanga. Hakuinua macho kutoka kwenye karatasi ya daktari. "Utasa? Jina la mke."

"Amefariki. Mgonjwa ni mimi."

"Mzee, faili la utasa hufunguliwa kwa jina la mke. Fomu ndivyo ilivyo."

"Basi rekebisheni lake. Mmemwandika mgumba."

"La marehemu limeshafungwa. Unataka nimfufue?" Akacheka, akapangusa maganda. "Oa kwanza, umlete."

Langoni, kijana alikuwa amekaa palepale alipokaa yeye siku zile, mkoba wa mkewe magotini.

"Umemleta mama?"

"Ndiyo, mzee. Leo anapasuliwa. Mwaka wa nne hashiki mimba."

"Na wewe wamekupima?"

Kijana alitazama kushoto na kulia, akacheka. "Mimi? Mimi chuma, mzee. Mgonjwa yuko ndani."

Mchukuzi akageuka arudi ndani, mbiombio. Mlinzi akamwekea rungu kifuani, wala si kwa ukali.

"Mzee wangu, wewe umeshatibiwa. Kibao hukioni?"

Huko ndani muuguzi aliita jina. Sauti nyembamba ikaitika:

"Abee."