Simu ya Tatu ya Meneja

Tangu asubuhi nilikuwa sijanywa hata tone la chai. Ilikuwa Ijumaa, siku ya mwisho ya majaribio yangu ya kufanyia kazi nyumbani, na sharti la meneja lilikuwa moja: akipiga simu, uipokee kabla haijakatika. Ukikosa mara tatu ndani ya mwezi, unarudi ofisini. Mimi nilishakosa mbili.

Ofisi yetu hupokea malalamiko ya vifurushi vilivyopotea. Iko ghorofa ya tatu, na lifti ilikufa kabla sijaajiriwa. Nyonga yangu haipandi ngazi tena. Nilipeleka barua za daktari, moja, mbili, tatu, na picha ya eksirei juu yake. Nikirudishwa kule, kazi sina.

Kilichonikera zaidi ni Shehe, mwenzangu wa meza ya jirani. Siku za Ijumaa yeye naye hufanyia kazi nyumbani, karibu na msikiti wake. Simu yake ikilia bila kujibiwa, meneja husema, "Yuko kwenye sala," yameisha. Nilimwonea kijicho, nakiri. Siku moja nikamtolea uvivu, akanijibu taratibu, "Dada, hiyo Ijumaa niliiomba mwaka mzima." Hata hivyo, kijicho hakikutoka.

"Kunywa maji basi," alisema shangazi, ninayeishi naye. "Hata mchumba hasubiriwi hivyo."

"Nikinywa nitaenda chooni, shangazi."

Saa saba mchana mwili ulinishinda. Nikashika gongo langu la kutembelea, nikaenda chooni. Nilikuwa bado nimekaa, simu niliyoiacha ikichajiwa mezani ikaanza kulia. Nikainuka kwa pupa, gongo likaniponyoka likateleza mpaka mlangoni. Shangazi akaja mbio na simu mkononi, ikakatika kabla hajanifikia.

Nilimpigia meneja palepale.

"Ulikuwa wapi?"

Nimwambie nini? Kwamba kwangu mimi kutoka chooni hadi mezani ni safari? Nilimwambia hayo mara mbili zilizopita, akaguna tu. Aibu ikanishika, na ghafla nikamkumbuka Shehe.

"Nilikuwa nasali."

"Oo! Samahani, dada yangu. Ungesema mapema." Sauti yake ililainika. "Hiyo haihesabiki."

Nikashusha pumzi. Shangazi alinikazia macho, nikayakwepa.

"Unasali kila siku saa hizi?"

"Kila siku."

"Kwa kupiga magoti kabisa?"

"Ndiyo, napiga magoti," nikajibu upesi, asije akanishuku.

Nikamsikia akibonyeza vitufe vya kompyuta.

"Mungu mkubwa!" akasema, kwa furaha ya kweli. "Kama unapiga magoti na kuinuka kila siku, basi nyonga imepona. Naandika hapa. Jumatatu njoo ofisini, chumba cha kusalia tunacho. Ghorofa ya nne."

Nilifungua kinywa nimwambie nimedanganya. Lakini kama barua tatu za daktari hazikumtosha, hili angeliamini vipi? Shangazi aliinama, akaniokotea gongo.