Akaunti ya Tadei

Asubuhi ya kwanza ya mafunzo ya kazi Cornelia alifika getini saa moja na nusu, kavaa sweta mbili, maana upepo wa mwezi wa saba Sumbawanga hauna huruma na mtu. Mlinzi, mzee Eustaki, akamwandika kwenye daftari, akampa kadi ya kufungulia mlango. Kadi ilikuwa na picha ya kijana wa kiume.

"Shikamoo babu. Huyu sio mimi."

"Marahaba. Najua. Mlango ndio haujui."

Kampuni ilikuwa kubwa kwelikweli. Inanunua mahindi Ufipa nzima, ina maghala mpaka Mwazye, na kila kitu kinaamuliwa makao makuu, Dar. Hata akaunti za kuingilia kwenye kompyuta zinafunguliwa huko. Abdulnasir, bosi wa IT, alikuwa ameomba ya Cornelia tangu mwezi wa tano, ila haikuwa imekuja.

"Kwa sasa tumia ya Tadei, mwanafunzi aliyekutangulia," akamwambia. "Paswedi imebandikwa hapo kwenye skrini."

"Na yeye anatumia ipi?"

"Tadei alishafariki. Alidondoka kwenye mnara wa mtandao kule Mwazye, mwaka juzi. Nenda chumba cha seva, atakuelekeza kazi."

Na kweli alikuwepo. Amekaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya mashine, na shati la kampuni, na kiatu kimoja. Kingine kilibaki Mwazye.

"Mambo," akasema. "Funga mlango, baridi inatoka."

Yaani akaunti ya Tadei hakuna mtu aliyewahi kuifunga. Kila siku ya kazi, saa mbili kamili, mfumo unamhesabu yupo, na yeye anajikuta yupo. Alizikwa vizuri tu, padri alifika, kampuni ilileta magunia mawili ya mahindi. Jumamosi na Jumapili analala kwao Mwazye, Jumatatu anaitwa. Ipo fomu ya kufunga akaunti, lakini inataka saini ya mwenye akaunti. Tadei alishaijaza mara tatu. Wino wa marehemu haushiki kwenye karatasi.

Basi Cornelia akaanza kazi. Printa zinagoma, watu wanasahau paswedi, panya wanakata nyaya ghalani. Kila akimaliza tatizo, mfumo unaandika: limetatuliwa na Tadei. Simu zikipigwa ni hivyohivyo. "Tadei, njoo uhasibu." "Tadei, mtandao umekata." Miezi miwili ya kwanza alikuwa anawarekebisha. Wa tatu akaanza kuitika.

Mchana watu wanakula kwa idara zao, kila idara na meza yake. Meza ya IT ilikuwa tupu, bosi anakula kwake. Siku ya kwanza Cornelia alikaa hapo peke yake, watu wakaja kuchukua viti kimoja kimoja, bila hata kumuuliza, mpaka kikabaki alichokalia. Kuanzia hapo akawa anabeba chakula anaenda nacho chumba cha seva. Tadei hali. Ila siku ya samaki, migebuka ya Kipili, anasogea.

"Fungua tu ninuse, dada."

"Ukimaliza kunusa niambie, kinapoa."

"Humu ndani kila kitu kinapoa. Mimi mwenyewe si unaniona?"

Huyo ndiye mtu pekee aliyemwita dada jengo zima.

Mwisho wa mwaka wa mafunzo kampuni inaajiri mwanafunzi mmoja, na inaangalia kitu kimoja tu: umetatua matatizo mangapi kwenye mfumo. Cornelia alishafika elfu moja na mia mbili, yote kwa jina la Tadei. Abdulnasir akamtoa wasiwasi. Akaunti yake ikija tu, yatahamishwa yote. Sharti ni moja, ya Tadei iwe bado wazi. Ikifungwa, hakuna cha kuhamisha.

Mwezi wa sita, Jumanne moja, Tadei alikuwa anakunja nyaya, akasema bila kugeuka:

"Mama yangu mgongo umemkataa."

"Pole. Amefanya nini?"

"Kila Jumatatu nikiitwa huku, kaburi linabonyea. Anaamka na jembe anasawazisha. Wiki hii hajaweza kuinama. Shimo lipo wazi, kuku wa jirani wanapekua."

Hakumwomba kitu. Alisema tu, akaendelea kukunja nyaya.

Ijumaa Cornelia akaichapa ile fomu. Chini ilikuwa imeandikwa: mimi mwenye akaunti nathibitisha kwamba kazi zote zilizomo nilizifanya mwenyewe. Aliisoma mara mbili. Akafikiria elfu moja na mia mbili. Akafikiria pia Jumatatu itakavyokuwa, kwenye kile chumba, bila mtu.

"Saini yako ikoje?"

"Ina mkia mrefu hapo kwenye T," Tadei akasema. "Usiukate."

Hakuukata. Wino ukashika. Tadei akasimama, akamwachia kiti.

"Asante dada. Printa ya uhasibu usiifungue, igonge ubavuni."

Mzee Eustaki akaandika kwenye daftari: Tadei, katoka saa tisa na dakika kumi. Akamsimamishia pikapu iliyokuwa inashuka Mwazye, na Tadei akapanda nyuma na kiatu chake kimoja, juu ya mifuko ya mbolea.

Jumatatu saa mbili kiti kilikuwa kitupu. Mchana ilikuwa migebuka. Cornelia alifungua bakuli, akasubiri kidogo, kwa mazoea, halafu akala.

Majibu yakaja kutoka Dar. Tadei ndiye mwanafunzi bora, amepata ajira, aripoti mara moja. Cheti chake kikatundikwa mapokezi kwenye fremu. Cornelia: matatizo aliyotatua, sifuri.

"Ungevumilia wiki mbili tu," Abdulnasir akamwambia, na alisikitika kweli. "Ila akaunti yako nitaifuatilia."

Cornelia akarudi kwao Pito. Na Abdulnasir aliifuatilia.

Wiki ya pili ya mwezi wa saba Cornelia alikuwa shambani anavuna ulezi na mama yake, Fransiska. Saa mbili kamili akajikuta amekaa kwenye kiti cha plastiki, chumba cha seva, kisu mkono wa kulia na mashuke ya ulezi mkono wa kushoto. Kwenye skrini pameandikwa: karibu Cornelia.

Abdulnasir akafungua mlango. "Aa, umefika. Huyu anaitwa Meshack, mwanafunzi mpya. Yake bado haijaja, atatumia ya kwako."

"Naomba fomu ya kufunga, bosi."

"Fomu zimebadilishwa, hatuchapi tena hapa. Mpya zinatoka Dar. Nimeshaomba."

Kule Pito, Fransiska aliuangalia mstari ulioachwa katikati. Akaumalizia, kisha akarudi kwenye wake.

Meshack alibaki amesimama kizingitini, kashika kadi yenye picha ya Cornelia, anaangalia ile miguu yenye udongo.

"Mambo dada," akasema.

"Poa. Funga mlango," Cornelia akamwambia. "Baridi inatoka."