Dada Yangu Havuki Mkata Bila Mimi

Mjomba Awadhi amepona, na mimi sijafurahi. Nasema wazi, maana hapa Misima watu waliniona nimenuna kwenye dua yake ya shukrani wakadhani ni njaa.

Mama yangu, Bi Maryamu, alikuwa mtu wa maneno. Ukimchokoza sokoni, unarudi kwako umeinamisha kichwa. Asubuhi ile alikuwa anapepeta mahindi, ungo ukamponyoka, mdomo ukaenda upande, mkono wa kulia ukaning'inia. Kiharusi. Tukamkimbiza hospitali Handeni kwa gari, ile Noah ya binamu yangu Mdoe. Daktari Evodia hakuzunguka.

"Inaelekea mshipa wa kichwani umeziba," alisema. "Dar kuna mtaalamu anayepitisha mrija mwembamba kuanzia kwenye nyonga, anaupandisha hadi kichwani, anavuta damu iliyoganda. Nimeshampigia, yuko tayari. Lakini ubongo ukikosa damu unakufa kidogo kidogo. Msisimame popote."

Gari la wagonjwa lilikuwa limeshatoka na mzazi aliyeshikwa na uchungu, tukaondoka na Noah. Mdoe akampigia mjomba, kaka yake mama, kama ilivyo desturi. Kwetu Wazigua mjomba akisema, limesemwa.

"Dada yangu havuki Mkata bila mimi," akasema kutoka Kwamndolwa. "Nisubirini Segera."

Nikanyakua simu. "Shikamoo, mjomba. Panda basi, tutakutana hospitali."

"Marahaba, Mwaija. Siku hizi mtoto ndiye anayemwamrisha mjomba wake? Wakitaka kumpasua, nani atakubali? Wewe?"

"Ndiyo, mimi!"

Akakata simu.

Ukifika Mkata, kulia ni Dar, kushoto ni Segera. Mdoe akakata kushoto. Nilimpiga ngumi ya bega, nikamtukana matusi ambayo mama angekuwa mzima angenizaba kofi. Akajibu tu, "Akifia njiani bila mjomba, mimi nitaishi na nani?"

Segera tukakaa. Wauza machungwa wakagonga vioo. Kichwa cha mama kilikuwa mapajani mwangu, macho yake yakiuliza. "Subiri, mama," Mdoe alikuwa akimwambia. "Subiri kidogo." Basi la kutoka Korogwe likaja, mjomba hayumo. Likaja jingine, hayumo. Nikipiga simu: "Nakuja, subirini." Hatimaye akateremka, kanzu imepigwa pasi, koti juu, ndevu zimetoka kuchongwa. Alikuwa kwa kinyozi! Eti mtu haendi mbele ya madaktari kama amefukuzwa.

Dar wakampiga mama picha ya kichwa. Mtaalamu akatuambia sehemu iliyokosa damu imekwisha kufa, na kuufungua mshipa sasa kungemvujishia damu ndani ya kichwa. "Mngewahi," alisema. Mjomba akaitikia, "Mungu ndiye mpangaji." Nilitamani kumvua lile koti nimzibe nalo mdomo.

Mama alirudi nyumbani na neno moja tu. Akitaka maji, hilo hilo. Akimwita mjukuu, akiwa analia, hilo hilo: "Subiri."

Haya. Mwezi uliopita mjomba amekuja kututembelea, anakula ugali, tonge likamdondoka, mdomo ukaenda upande. Mdoe akatoa simu awapigie ndugu wa Kwamndolwa. Nikamnyang'anya. Nilikuwa namchukia mjomba, na bado nilimbeba. Tulipofika Mkata, Mdoe akakata kulia bila kuambiwa.

Dar wakakuta mshipa wa shingoni umesinyaa na damu imeganda huko juu. Wakalivuta donge, wakautanua mshipa kwa kipira kidogo, wakaacha ndani kimrija cha wavu wa chuma kuushikilia usijifunge tena. Kesho yake mjomba aliomba chai, na akalalamika kwamba haina sukari.

Jana ndiyo ilikuwa dua. Amekaa katikati ya wageni, koti lile lile, anasimulia jinsi walivyompitishia waya nyongani mpaka shingoni. Hakuna aliyepata nafasi ya kumeza mate.

"Siri yake ni kuwahi, jamani!" akasema, akigonga meza. "Kuwahi tu!" Akamgeukia mama pale mkekani. "Au siyo, dada?"

Mama akamtazama. "Subiri," akasema.

Wageni wakacheka, wakidhani anamtania kaka yake. Mjomba naye akaanza kucheka, halafu akaniona mimi sicheki, Mdoe hacheki.

"Subiri," mama akarudia, kwa lile jicho lake la sokoni.

Mjomba akaweka kikombe chini. Akaufunika kwa kiganja ule mdomo wake mzima uliopona.