Wapagazi wa Joto

Mwezi wa kumi, jua la Tabora lilipokuwa limegeuza mabati ya mji kuwa vikaango, nesi Eustadia alikuwa akimfunga mtoto kitovu katika wodi ya wazazi huko Itetemia. Mwanamume mmoja akatoka ukutani. Akainama, akalikusanya joto la chumba kama mtu anayezoa majani makavu, akalifunga kwa kamba ya magome, akajitwika begani na kutoka nje. Wenzake wakamfuata, kila mmoja na mzigo wake. Wodi ikapoa. Mzazi aliyekuwa kitandani akajifunika kanga, akasinzia.

Wodi ilijengwa kwa matofali ya udongo wa kushindilia, yasiyochomwa, ili miti ya miombo isiishie kwenye tanuru. Haikuwa na feni. Udongo wake ulichimbwa kando ya njia ya zamani ya misafara, mahali ambapo wapagazi walioishiwa nguvu waliachwa, na mizigo yao ikagawiwa wenzao. Hakuna aliyewazika. Walipozinduka ndani ya kuta, waliendelea na kazi waliyoijua.

Joto walilipanga nyuma ya jengo, mtumba juu ya mtumba, na mvua zilipoanza wakalifunika nyasi lisilowe. Kuku walitaga karibu yake. Kipupwe kilipoingia, wapagazi wakaanza kulirudisha ndani, kila asubuhi kidogo.

Asubuhi moja ya mwezi wa saba, Dafrosa, mkulima wa tumbaku, alijifungua kabla ya wakati. Mtoto alienea kiganjani. Eustadia alimlaza kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, lakini nyayo zilizidi kuwa za buluu, na gari la wagonjwa lilikuwa bado liko mbali. Akaenda ukutani, akabisha na kuamkia kwa Kinyamwezi.

"Hodi. Mwangaluka, baba. Naomba joto, lakini dogo."

Akatoka mzee mwenye bega lililobonyea. Alikwenda nyuma, akafungua mtumba wa Oktoba, akamega kipande kama andazi, akakileta kwa mikono miwili na kukiweka miguuni pa mtoto. Harufu ya vumbi la kiangazi ikatanda. Nyayo zikageuka rangi, polepole, kama mbingu kunapokucha, na mtoto akalia. Dafrosa akamwangalia mzee, machozi yakimtiririka.

Eustadia aliliona bega la mzee. Kidonda kilikuwa kibichi. Akamketisha, akakisafisha.

"Pumzika sasa, baba."

"Tutapumzika tukifika pwani. Kiongozi wa msafara alisema atakayeketi ataachwa."

"Kiongozi wenu alikufa zamani. Na mwenye mali pia. Hamna wa kumwomba ruhusa."

Mzee alisikiliza kwa adabu, kama mtu anayepewa habari za kijiji cha wengine. Kisha akasimama, akauliza mtumba unaofuata uwekwe wapi.

Mwezi uliofuata alikuja Erasmus, mhandisi wa mradi uliojenga wodi, na kipimajoto chake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Erasmus, funga lile shimo la udongo. Mna watu mle. Wazikwe, waende zao."

"Nimewaona," Erasmus akasema, akisoma kipimajoto. "Wanafanya kazi vizuri sana. Jengo hili halitumii umeme hata kidogo. Tumeagizwa kujenga mengine, na udongo ni uleule."

"Wamechoka."

"Hawajalalamika, mama."

Wodi ya pili ilikamilika kabla ya mwezi wa kumi. Siku ya kwanza ya joto kali, Eustadia alisimama mlangoni akawatazama wakitoka katika kuta mpya, mstari usiokatika, joto likimeta vichwani mwao kama maji ya bwawa la mbali. Hakuwahi kuona kitu kizuri namna ile. Miongoni mwao alikuwemo msichana mwenye mtoto mgongoni. Eustadia akamkimbilia na kikombe cha maji.

Msichana alikunywa amesimama, mzigo kichwani, akamnywesha mwanawe yaliyobaki. Akarudisha kikombe, akaharakisha, kwa kuwa mstari ulikuwa umeshampita.