Bushi Nane za Ogeto

Kwa wiki tatu Ogeto wa Mosocho alitafuta bomba la chuma lenye tundu la milimita thelathini na nane, nene, lisilo na mshono. Alikuwa anajiundia gari nyuma ya nyumba. Fremu ilikuwa tayari, injini ya tuktuk imeshafungwa, na kilichobaki ni bushi nane za mikono ya magurudumu: gamba la bomba nje, raba ndani, bolti katikati. Raba alikuwa nazo. Bomba la maji ni laini, la kiti ni jembamba, na ukilazimisha, siku moja mteremkoni gurudumu litashika njia yake nawe ushike yako.

Msije mkamsema, gari halikuwa la anasa. Bintiye Beverlyne, mwenye miaka tisa, alisoma ng'ambo ya mto, na njia ya mkato ilikuwa daraja la mbao la watembea kwa miguu. Mwezi wa pili chuma cha kushikilia cha daraja hilo kilitoweka. Watu wakaambiwa kimechukuliwa na mto. Mwezi wa tatu mama yake Beverlyne, Bosibori, akitoka kanisani siku ya Sabato, aliteleza pale na mto ukamchukua yeye pia. Ogeto akaapa kwamba mtoto hatazikanyaga mbao zile tena. Barabara ya magari huzunguka kilomita kumi na moja. Basi Beverlyne alikaa nyumbani tangu mazishi, akisahau hesabu.

Nyamira bomba halikupatikana. Kule Nyamache alipata lililopinda. Mwishowe Ronny, muuza vyuma chakavu wa soko la Daraja Mbili, akavuta moja refu kutoka chini ya mabati, rangi yake imechomwa kwa moto. Ogeto akajaribu raba, ikaingia sawasawa. Hakuuliza lilikotoka. Mafundi wa huku hawaulizi chuma kilikotoka. Ndiyo adabu ya kazi, na anayeuliza huambiwa akachimbe chake.

Alasiri hiyo akalikata kwa grinda. Kipande cha kwanza kilipoanguka, bomba likatapika maji ya mto, mekundu, ndoo nzima. Cha pili, ndoo nyingine. Jirani yake Persis akaja na jerikeni, akayaonja, akasema yana tope lakini migomba haichagui. Ogeto akakata mpaka vikatimia vipande vinane.

Jua likizama, Bosibori akaingia langoni na gauni lake la Sabato, linachuruzika.

"Bwairire," akaamkia, kama alivyokuwa akiamkia kila jioni.

"Bwairire, Mama Beverlyne. Umekawia."

"Maji yalinipeleka mbali." Akachutama kando ya fremu, akaokota kipande kimoja, akakifumbata. "Ndicho hiki. Nilipoteleza nilinyoosha mkono, nikakikosa."

 Ogeto alitazama vile vipande, kila kimoja urefu wa kidole. Daraja halishikiliwi kwa vidole.

"Nimeshakata," akasema. "Ningeuliza kwanza."

"Hukuuliza," Bosibori akasema. "Mtoto amekula?"

Asubuhi Ogeto akachukua kipande kimoja, kingali kinadondoka maji, akaenda nacho kwa Thadeus, mwenyekiti wa kamati ya daraja. Alimkuta mezani.

"Mwenyekiti, chuma cha daraja hiki hapa."

"Kile kilichukuliwa na mto, fundi. Tuliandika kwa ripoti."

"Mto ulikipeleka Daraja Mbili kwa Ronny?"

Thadeus akaweka kikombe chini. "Wacha nikuulize, ndugu yangu. Leo chuma kiko mkononi mwa nani? Na nani amekikatakata? Haya, waite polisi, nami nitakusindikiza." Kisha akammiminia chai, akaiombea. Ogeto akainywa. Ilikuwa na maziwa mengi.

Alirudi na kipande chake, akapaka raba sabuni, akazisukuma ndani kwa jiliwa la kubania. Zote nane zilikaa. Jumatatu gari likatembea, na Beverlyne akaingia darasani na viatu vikavu. Bosibori alisafiri chini ya gari, akiwa ameshika bushi ya mbele kushoto, na upande huo haukulia hata kwenye mashimo. Majirani waliusifu utulivu wake. Thadeus naye aliusifu, akaomba lifti hadi sokoni Mosocho, akapewa. Bosibori, kule chini, hakuiachilia bushi.

Darajani hakukurudi kitu. Kamati iliitisha harambee ya chuma kipya, ikachanga, ikaomba, ikafunga kikao, na Thadeus akachaguliwa tena kwa makofi. Watu waliendelea kuvuka, maana si kila mtu ana gari nyuma ya nyumba.

Mwezi wa tano mvua ikanyesha siku nne. Mzee Makori, akipeleka majani ya chai kwa kikapu, aliteleza palepale, mto ukamchukua. Siku ya tatu, jua likizama, akaingia langoni kwa Ogeto, kikapu kitupu, suruali imelowa. Akaamkia, akauliza bushi yake ni ipi.

Bosibori akamwonyesha ya nyuma kulia. Mzee akainama taratibu, akaishika, akashusha pumzi.

Beverlyne akawaletea uji. Ogeto akachukua spana na tochi, akaingia chini ya gari kukaza bolti za zile sita ambazo bado hazijapata mtu.