Kaburi la Mpagazi

Harun hakupenda kuulizwa habari za wazee wake. Ukimuuliza, alikuwa na jibu moja tu: ukoo wao ulitoka Maskati, na Feruzi, baba wa babu yao, alipanda bara kufanya biashara. Alilisema jibu hilo msikitini, akalisema harusini, na kila mwaka Feruzi alizidi kutajirika.

Mdogo wake, Mastura, alikuwa mjane mwenye duka la kushona sare za shule pale Free Area, mjini Nakuru. Alikua akiamini maneno ya kaka yake mpaka shangazi yao alipougua ugonjwa wa kufa. Shangazi alimvuta karibu, akamwambia kwa sauti kavu kwamba Feruzi hakuwa Mwarabu wala mfanyabiashara. Alikuwa mpagazi, mtu wa kubeba mizigo ya wengine kichwani katika misafara ya zamani ya kwenda Uganda. Na mke wake alikuwa Mtugen wa vilima vya Ravine.

Baada ya maziko Mastura alimweleza kaka yake. Harun aliweka kikombe chini taratibu.

"Mgonjwa huweweseka," alisema.

"Hakuwa akiweweseka, kaka."

"Basi yazike pamoja naye. Nina binti wa kuoza. Unataka wakwe zangu wasikie sisi ni kizazi cha wapagazi?"

Mastura hakuyazika. Alimuuliza kila mteja aliyetoka pande za Ravine kama kwao kuna habari za Mswahili wa zamani. Wengi walicheka. Lakini mwalimu mmoja, Cherop, aliyekuja kuagiza sweta, alisema bila hata kufikiri, "Iko kaburi hapo karibu na kwetu. Watu huiita kaburi ya Mswahili. Ni kwa kina Kiptum. Lakini huyo Kiptum ni mtu mkali, mathe."

Mastura alikwenda peke yake. Kiptum alimkuta langoni, mwanamume mrefu wa makamo, na hakuwazuia mbwa wake wawili.

"Nani amekutuma?"

"Sijatumwa. Natafuta habari za mzee wetu. Nimeambiwa amezikwa hapa."

"Na ukishaona kaburi?"

"Wallahi nitaomba dua tu, niende zangu."

Kiptum alicheka bila furaha. "Mama, hii nchi tunaijua. Mtu huanza na kaburi. Kesho anakuja na jamaa zake, kesho kutwa anakuja na wakili. Rudi Nakuru."

Alikwisha kumgeuzia mgongo, lakini mama yake alikuwa amesikia kutoka jikoni. Huyu aliitwa Chelangat, bibi aliyekwisha kupinda, anayetembea kwa kushika ukuta. Alimsemesha mwanawe kwa Kitugen, maneno machache makali, na Kiptum akalifungua lango kama mtu anayeng'olewa jino.

Chelangat aliyajua yote kutoka kwa mama mkwe wake. Msafara ulipita, mpagazi mmoja mguu ukaoza. Mzigo wake ukapewa mwingine, yeye akaachwa kando ya njia na kibuyu cha maji. Msichana wa boma hili alimkuta amelala na siafu wameanza kumpanda. Wakamwokota, wakamuuguza. Mguu ulipopona, msafara wa kurudi ulipita na watu wakamwita, naye akajificha ghalani asionekane. Alimwoa yule msichana. Alikufa hapa.

"Feruzi haikuwa jina yake," bibi alisema. "Hiyo alipewa na yule alimnunua. Mama yake alimuita Kambalame. Alitoka kwa ziwa kubwa, mbali, upande wa kusini. Alimwambia mke wake: nikifa, msinizike na jina ya mwenye kuninunua."

Mastura alilirudia jina hilo mara mbili. Moyoni hakuwa na Maskati tena, wala hakuwa na hakika kama alikuwa na mahali pengine. Mtu aliyenunuliwa. Mtoto wa ziwa asilolijua hata jina.

"Na mtoto wake?" aliuliza mwishowe. "Babu yetu?"

"Huyo alitaka mji. Wajomba wake wakampa ng'ombe, mbele ya watu, wakamwambia hii ndiyo sehemu yako. Akakubali, akaenda Nakuru. Hakurudi."

Walimwonyesha kaburi: rundo la mawe chini ya kichaka, ukingoni mwa shamba la mahindi. Mastura aliinua mikono akaomba dua. Kiptum alisimama nyuma yake muda wote, akitafuna kijiti.

Aliporudi Nakuru, Mastura alifanya jambo alilokuja kulijutia. Alimweleza Harun kila kitu. Uso wa kaka yake ulibadilika aliposikia neno la kununuliwa. Aliinuka, akafunga mlango ili mkewe asisikie.

"Mtumwa," alisema. "Umekwenda mpaka milimani kututafutia utumwa."

"Sikuutafuta. Nimeukuta."

Harun alizunguka chumba. Halafu akasimama, na sauti yake ikawa ya mtu mwingine.

"Hilo boma lina ekari ngapi?"

"Kaka, nimekuambia babu alipewa ng'ombe."

"Ng'ombe wamekufa. Shamba lipo. Mzee alioa pale, akazikwa pale. Kaburi ni ushahidi."

Mastura alimsihi, akamwambia alivyoapa langoni mwa watu. Harun hakumsikia. Mzee aliyekuwa aibu asubuhi, mchana amekuwa mwenye ardhi. Wiki ile ile alipanda Ravine na mpima ardhi na vijana wa kushika vigingi. Kiptum na ndugu zake waliwafukuza kwa rungu, kioo cha gari kikapasuka, na mpima ardhi akarudi Nakuru na shati lililochanika.

Kisha simu ya Mastura ililia.

"Nilikwambia," Kiptum alisema. "Nilikwambia pale langoni, na wewe ukaapa. Sasa sikia. Leo nimeingiza trekta. Hayo mawe nimeyatupa mtoni. Mje na wakili wenu, mumwonyeshe kaburi."

Simu ilikatika. Mastura aliketi mbele ya cherehani, na mteja aliyekuwa akisubiri akamuuliza kama kuna msiba.

Chifu aliita pande zote mbili. Harun alimchukua dada yake kwenye gari, maana ndiye aliyesikia habari kwa bibi, na njiani alimfundisha la kusema: kwamba mzee alikuwa na sehemu yake, kwamba hakuna aliyetaja ng'ombe.

Ukumbi wa chifu ulijaa. Kiptum alikaa mbele na ukoo wake, hawakujibu salamu. Chelangat hakuletwa. Harun alisema kwa ufasaha, akataja haki na damu. Kisha akasema, "Dada yangu atashuhudia."

Mastura alisimama.

"Chifu, mzee wetu aliokotwa njiani na watu hawa, wakamuuguza. Mtoto wake alipohama alipewa ng'ombe mbele ya mashahidi, akakubali. Mama yake Kiptum ameniambia kwa kinywa chake. Hatuna shamba hapa. Anayesema tunalo, hasemi kweli."

Ukumbi ulivuma. Harun alisema dada yake hana akili timamu tangu afiwe na mume. Chifu alimwambia akae, kisha akayafunga madai hapo hapo.

Nje, Mastura alimfuata Kiptum. "Niruhusu niende nikaone mahali palipokuwa."

"Umesema ukweli," alijibu, macho yakiwa mbali. "Lakini wewe ndiye ulifungua mlango. Hapo sasa nitapanda mahindi. Usirudi kwetu."

"Namsalimu mama."

"Sitampelekea salamu."

Harun aliendesha kwa kasi kuteremka barabara yote. Walipofika Salgaa, malori yamejipanga pande zote mbili, alikata kando ghafla na kusimamisha gari.

"Shuka."

"Hapa?"

"Umechagua watu wako. Harusini usije. Na usitumie jina la baba yangu."

Alishuka. Gari likaondoka kabla hajaufunga mlango vizuri. Madereva wa malori walimtazama, mwanamke wa buibui kando ya barabara kuu, na mmoja akauliza, "Mathe, umeachwa?"

"Nimeachwa," Mastura alijibu.

Aliingia katika hoteli iliyo karibu, akaketi kwenye benchi kati ya makuli, akaagiza chai ya maziwa. Alikishika kikombe kwa viganja viwili, akainywa chai yote, kisha akatoka kutafuta gari la kumrudisha Nakuru.