Jamvi la Nyuma ya Jiko

Jumanne tarehe 14 Novemba 2023, saa nne asubuhi, mke wangu Placidia alitoka jikoni na beseni la ndizi zilizomenywa, akakanyaga pale jamvi la zege lilipotitia, akaanguka kiubavu. Mvua ilinyesha tangu alfajiri na maji yalikuwa yamesimama pale kama kwenye sahani. Ndizi zilitawanyika. Aliniambia niokote kwanza ndizi. Nikaziokota. Nyonga ilikuwa imevunjika, na siku ya ishirini na mbili alifariki hospitalini.

Mimi ni Ndyamukama. Shule niliishia darasa la nne, lakini maji yanakotoka nayaona. Mwaka huohuo, mwezi wa nane, watu wa barabara walileta greda kuchonga barabara inayopita juu ya nyumba yangu kwenda Bweranyange. Wakachimba na mtaro. Mtaro ukaishia kwenye kona ya kibanja changu, shamba langu la migomba, basi. Hakuna kalavati, hakuna kitu. Nilimfuata msimamizi wao, mwenye kofia ya njano, nikamwambia maji haya mnanimwagia mimi. Akasema, "Mzee, ramani ndivyo inavyosema." Mvua za vuli zilipoanza, maji yote ya kilimani yakashukia kwangu. Jamvi likazama upande mmoja, kiganja kizima.

Kwa hiyo aliyemuua mke wangu namjua. Nilisema msibani, nikasema kanisani, mchungaji akanishika bega. Ofisi ya kijiji nimekwenda na barua yangu mpaka benchi lao limenizoea.

"Shikamoo mzee," alikuwa akinisalimu mtendaji, Mwesiga. "Umekuja tena na jamvi lako?"

"Marahaba. Nimekuja nalo."

"Leo umelibeba?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka wala sikukasirika. Tangu Placidia aondoke vitu vingi vinapita tu.

"Lingebebeka ningekuwekea hapo mezani," nikamwambia.

"Mtaalamu atakuja, mzee. Wewe usiliguse tu. Alikute lilivyo."

Sikuligusa. Nililizungushia vijiti na kamba za mgomba ili hata kuku wasipite, nikangoja. Mwaka ukaisha nangoja, nikaingia mwingine. Nilikuwa napika, nakula, naosha sufuria, nalitazama. Mwezi wa nne mwaka huu nikateleza palepale na mimi, kiwiko kikavimba. Jirani akampigia simu binti yangu Celestina, mwenye duka la vitenge kule Rubwera.

Kiangazi kilipoanza alikuja, na fundi nyuma yake kwenye bodaboda nyingine, anaitwa Dastan.

"Taata, leo linavunjwa," akasema hata kabla hajavua kofia ya pikipiki.

"Mtaalamu hajaja. Huo ni ushahidi."

"Nimngoje mpaka lini? Nikuzike na barua mkononi?"

Niling'oa vijiti mwenyewe.

Dastan hakuvunja kwanza. Alichukua nyundo akaanza kuligonga jamvi taratibu, kutoka ukutani kwenda nje, kichwa amekiinamisha kama anayesikiliza tumbo la ng'ombe. Kwingine lilitoa sauti nzito. Pale lilipozama likaitika.

"Mzee, hapa ulimwaga zege juu ya ngoma," akasema. "Chini pako wazi."

"Ni maji yao. Andika hivyo."

"Mimi siandiki, mzee wangu. Mimi navunja." Akacheka peke yake, kisha akanielezea. Zege lenyewe halichoki, alisema, kinachoshuka ni kilicho chini yake. Pengine kifusi hakikushindiliwa, wakamwagia juu ya udongo uliojaa hewa. Pengine nyumba haina gata na maji ya bati yanakula udongo pembeni. Au kuna kitu chini kinaoza. "Nikifunua tutajua ni kipi."

Akafunua. Zege lenyewe lilikuwa jembamba, vidole vinne, na halikuwa na wavu wa chuma ndani. Chini yake pakawa na uwazi, mkono wake ukaingia mpaka kwenye kiwiko. Alipoutoa alikuwa ameshika kitu cheusi, chepesi, chenye nyuzi. Akakinusa.

"Mgomba huu," akasema.

Akachimba zaidi. Zikatoka nyuzi, yakatoka maganda ya kahawa yaliyooza, kikatoka kigogo kilichosagika kama ugoro. Lilikuwa shimo la duara, kina cha kiunoni, kuta zake laini.

"Maji hayachimbi duara, mzee."

Mimi nilikuwa nimeshajua alipotoa mkono. Ni shimo letu la kuvundikia ndizi za pombe. Tuliacha kukamua Placidia alipochaguliwa mzee wa kanisa, shimo likabaki pale na majani juu. Mwaka 2021 wakwe wakataka kuja kumposa Celestina. Placidia akasema wageni hawawezi kukaa kwenye matope, pawekwe zege. Mafundi walikuwa waje kesho yake. Nikaambiwa shimo lizibwe.

Nikaliziba kama ninavyoziba shimo lolote. Baba yangu alifanya hivyo, na baba yake pia. Shimo kwenye kibanja unalilisha: vigogo vya migomba iliyovunwa, maganda ya kahawa, takataka za jikoni, udongo kidogo juu. Vikioza unapanda mgomba pale, na mkungu wake unabebwa na watu wawili. Mikono yangu haijui shimo la namna nyingine. Nililijaza, nikakanyagakanyaga kwa miguu, nikatandaza udongo mwekundu pakawa pazuri. Mafundi walikuta pamesawazishwa, wakamwaga.

"Lakini mtaro ni wao," nikasema.

"Mtaro ni wao," Dastan akakubali. "Maji yao yameharakisha. Ila hata greda lisingekuja, hili lingeshuka."

Celestina alikuwa amesimama na sepetu. Aliingia jikoni akawasha moto ambao hatukuuhitaji.

Kazi ilichukua siku nne. Dastan alitoa uozo wote mpaka akafika kwenye ardhi ngumu, akasema asibakize hata ukoko. Kisha moramu, ile changarawe nyekundu, tabaka la kiganja kimoja, maji kidogo, kushindilia, tabaka lingine. Tulishindilia kwa gogo la mkaratusi. Nililishika na mimi. Alisema usihamie tabaka la juu mpaka gogo liwe linakurudisha mikono. Juu yake mawe, kisha wavu wa chuma, kisha zege nene lenye unene sawa pote, likiinama kuuacha ukuta ili maji yakimbilie nje. Akafunga na gata. Kule kwenye kona alinichimbia mfereji wa kuyapokea maji ya barabarani na kuyapeleka chini kwenye migomba. Kalavati hawajaweka mpaka leo, naliandika hilo.

Zege likafunikwa majani ya mgomba, likatakiwa kumwagiliwa asubuhi na jioni siku saba. Dastan akaenda zake. Celestina alibaki kunisaidia.

Siku ya pili, asubuhi, alimwaga ndoo ya mwisho akaigeuza, akaikalia.

"Taata, siku ile unaziba shimo, mama alikuwepo?"

"Alikuwepo. Alikuwa mlangoni, anachambua maharage."

"Alikuona unatia vigogo?"

"Aliniona."

"Akanyamaza?"

Hakunyamaza. Nakumbuka aliweka ungo chini, akanyoosha mkono kuelekea shimoni, akasema maneno. Nami nikamjibu, "Kazi za nje niachie mimi." Jibu langu nalikumbuka lote, hata sauti niliyolitolea. Maneno yake hayaji. Nimekaa nayo siku nyingi sasa, nikiamka, nikila, nayatafuta, nauona mkono tu.

Celestina alikuwa ananitazama.

"Mama alisemaje, Taata?"